Mita Mia na Sisi Watu wa Kusini

Kimya kimekuwa kirefu, si kwa kupenda. Wiki hii tumebanwa na majaribio matatu, bumu nalo linajua lenyewe liliko, na usiku ni msuli mpaka macho yanauma. Leo nimepata mwanya kidogo, basi ngoja nitoe la moyoni. Atakayecheka na acheke, atakayenuna na anune, ila asome mpaka mwisho.

Hoja yangu ni hii: mtoto wa Newala au Masasi anaweza kuwa mkimbiaji wa mita 100 wa kimataifa. Kinachomzuia si damu, si kabila, si udongo. Kinachomzuia ni kwamba akishamaliza kidato cha nne hakuna anayemshika. Anaachwa, na kasi yake inaachwa naye.

Najua kuna watu tayari wanatabasamu. Kuna mshikaji wangu mmoja wa Singida, tukikaa kwenye vimbweta kila mara ananiambia, "Ninyi Wamakonde kaeni na korosho na sindimba zenu, riadha tuachieni wenyewe." Ni utani, sina kinyongo. Na tuwe wakweli, jamaa ana pa kusimamia. Akhwari ni wa Mbulu, Bayi wa Karatu, Shahanga wa Hanang, na Alphonce Simbu ni wa kwao Singida. Medali mbili tu ambazo Tanzania imewahi kupata kwenye Olimpiki, zote fedha, zilitoka Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui mita 5000. Kusini hatumo.

Lakini hebu itazameni tena hiyo orodha. Wote ni wa masafa ya kati na marefu. Medali ya Olimpiki ya mita 100 au 200, hakuna. Kwa hiyo kwenye mbio fupi, ndugu yangu wa Singida, mimi na wewe tuko sare: sifuri kwa sifuri. Shamba hili halina mwenyewe. Mbona basi tumekubaliana kimyakimya kwamba si letu?

"Aah, Afrika Mashariki mbio zetu ni ndefu, fupi ni za Wajamaika na Wamarekani." Hiyo kauli nimeisikia tangu shule ya msingi. Aliyeivunja mbele ya macho yetu ni Ferdinand Omanyala wa Kenya, na maisha yake ya mbio ningependa kila mwanachuo ayajue.

Kwanza, alikuwa mwanafunzi kama mimi na wewe. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mchezo wake ulikuwa raga. Mbio fupi aliziingia akiwa na miaka kama 19 hivi, umri ambao kwetu mtu anaambiwa michezo basi, tafuta maisha. Mwaka 2017 akafungiwa miezi 14. Alikuwa na maumivu ya mgongo, akatumia dawa ya kutuliza maumivu ambayo ndani yake mlikuwa na betamethasoni, kitu kilichokatazwa na sheria za michezo. Wengi wangeishia hapo. Na lile doa lilimfuata, maana mwaka 2021 aliachwa nje ya timu ya Kenya ya mbio za vijiti kwa ajili ya adhabu ile ile ya zamani.

Sasa angalieni huo huo mwaka 2021. Machi, kule Lagos, alikimbia 10.01 akafuzu Olimpiki. Tokyo akafika nusu fainali, akakimbia 10.00, akakosa fainali. Agosti akaenda Austria, 9.86. Tarehe 18 Septemba, Kasarani, mbele ya Wakenya wenzake, 9.77! Alishindwa na Mmarekani Trayvon Bromell kwa sekunde 0.01 tu, na ikawa rekodi ya Afrika. Ndani ya miezi isiyofika sita mtu katoka 10.01 hadi 9.77. Wakati huo kocha wake alikuwa Duncan Ayiemba, Mkenya, na mazoezi yalifanyika Nairobi hapo hapo, si Florida wala Kingston.

Mwaka 2022 viza ya Marekani ikachelewa, akafika Eugene saa chache tu kabla ya mchujo wa mashindano ya dunia. Hata hivyo akaingia nusu fainali. Agosti hiyo, Birmingham, akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa 10.02. Mwaka 2023 kule Budapest akaingia fainali ya dunia na kumaliza wa saba. Mwaka 2024 akakimbia 9.79 Nairobi, halafu wiki chache baadaye Paris akaishia nusu fainali. Hayo ya kukwama nayataja makusudi, sitaki kuwauzia hadithi ya malaika. Mbio fupi ni kazi yenye siku nzuri na siku mbaya, kama UE tu.

Na ile dhahabu ya Birmingham ilikuwa na mzee nyuma yake. Miaka 60 kabla, yaani 1962 kule Perth, Australia, mtoto wa Mombasa aitwaye Seraphino Antao, mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye mashindano hayo hayo ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Watu wanadhani dhahabu za Kenya zilianzia Bonde la Ufa kwenye mbio ndefu, kumbe ya kwanza kabisa ya michezo hiyo ililetwa na mtu wa pwani, kwa mbio fupi. Pwani hii hii ambayo ukishuka nayo kusini unafika Lindi na Mtwara.

Sasa twende Italia, msishangae, nina sababu.

Italia nao wana Kusini yao. Kaskazini ndiko kwenye viwanda na pesa, Kusini ndiko kwa wakulima na wanaohama kutafuta kazi, na kwa miaka mingi watu wa juu waliwaona wa chini washamba. Inawakumbusha nini? Mwaka 1952, kwenye mji wa Barletta, huko huko Kusini, alizaliwa Pietro Mennea, mtoto wa fundi cherehani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alishindana na magari kwenye mita 50 za barabara ya mtaani, kwa pesa ndogo za dau. Kwa macho ya mbali ni kijana wa kijiweni tu anayejionyesha. Lakini kuna watu walimshika. Akapelekwa Formia, kwenye kituo cha taifa cha riadha, chini ya kocha Carlo Vittori, wakapiga kazi mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 12 Septemba 1979, Mexico City, Mennea alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.72. Rekodi ya dunia. Na sikilizeni vizuri ilikuwa mashindano gani: ya wanafunzi wa vyuo vikuu duniani! Jamaa alikuwa mwanachuo. Rekodi ile ilikaa karibu miaka 17, mpaka Michael Johnson alipoivunja mwaka 1996. Mtasema Mexico City iko juu sana, hewa ni nyepesi, inamsaidia wa mbio fupi. Ni kweli kabisa. Lakini mwaka uliofuata, kule Moscow ambako hakuna mwinuko wa kumsaidia mtu, Mennea alipangwa njia ya nane, ya nje kabisa, akatoka nyuma na kumpita Mwingereza Allan Wells kwa sekunde 0.02. Dhahabu. Hiyo ndiyo Olimpiki ile ile ya Bayi na Nyambui.

Mennea alishiriki Olimpiki tano, akapata shahada nne, akawa wakili na mbunge wa Bunge la Ulaya, akafariki mwaka 2013. Na wenzake walimpa jina gani? Mshale wa Kusini. Jina la kule alikotoka, lile lililodharauliwa, ndilo likawa sifa yake.

Kama mnaona Mennea ni wa zamani mno, chukueni Marcell Jacobs. Tokyo 2021, ile ile ambayo Omanyala aliishia nusu fainali, aliyeshinda mita 100 ni huyu Mwitaliano, kwa 9.80. Kabla yake Italia haikuwahi kuingiza mtu hata kwenye fainali ya mita 100 ya wanaume ya Olimpiki. Na yeye kwa miaka mingi alikuwa mruka chini! Akabadilisha mchezo akiwa mtu mzima, huku akiwa chini ya klabu ya polisi ya Italia, ambako mwanariadha anaajiriwa na mshahara unaingia wakati anafanya mazoezi.

Sasa wawekeni pamoja Omanyala, Mennea na Jacobs. Mmoja mcheza raga, mmoja mtoto wa fundi cherehani, mmoja mruka chini. Hakuna hata mmoja ambaye watu wa mtaani wangempigia kura. Walichopata wote ni vitu vinne: kocha aliyebaki nao, saa ya kupima ukweli, mashindano ya mara kwa mara, na mlo wa uhakika. Omanyala naye ni askari polisi. Hata Simbu wetu ni mwanajeshi wa JWTZ. Hakuna mtu anayekimbilia tumbo tupu mpaka jukwaa la medali.

Turudi nyumbani. Ukitoka Masasi kwenye yale majabali, ukapandisha uwanda wa Makonde mpaka Newala, utafika pale Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma liko chini ya miguu yako, Msumbiji ng'ambo. Juu huko maji yalikuwa shida ya miaka na miaka. Bibi zetu walishuka mteremko kuyafuata na kupandisha nayo kichwani. Barabara zetu nyingi za vijijini ni mchanga, na mtoto anayekimbilia shule kwenye mchanga kila asubuhi anajenga paja ambalo wenzake mjini wanalilipia jimu. Miguu ipo. Wala sisemi kwamba mchanga peke yake unaleta medali, ingekuwa hivyo tungekuwa nazo kabatini. Nasema mtaji upo, biashara ndiyo haijafunguliwa.

Nilisoma na jamaa mmoja sekondari. Mita 100 kwake ilikuwa kama mchezo wa kuigiza, wengine wanakimbia, yeye anaondoka. Peku. Akatamba UMISSETA ngazi ya wilaya, akapewa daftari na kipande cha sabuni, tukampigia makofi. Unajua alikimbia sekunde ngapi? Hakuna anayejua. Si yeye, si mwalimu, si mimi. Siku ile walimu walitazama nani kafika kwanza, basi. Leo ni dereva wa bodaboda, kazi halali na ninamheshimu, lakini nikimwona anapita najiuliza tumepoteza nini, na jibu sina, maana hatukupima.

Hapo ndipo penye tatizo, wadau. Watu wanadhani shida ya kwanza ni tartani. Shida ya kwanza ni daftari na saa. Ukipima kwa saa ya mkono, mpimaji anachelewa kidogo kubonyeza baada ya kuona moshi wa bastola, ndiyo maana utaratibu ni kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 ili ulingane na mashine. Aliyepimwa 11.0 mhesabu 11.24. Hesabu rahisi, hata sisi wa sanaa tunaiweza. Mtoto akipimwa 11.24 leo na mwakani 10.9, una habari ya kumpelekea mtu. Bila hiyo namba unabaki na "kuna dogo mmoja huko kwetu ana mbio balaa", na hakuna kocha atakayepanda basi kwa maneno hayo.

Halafu kuna hili la uwanja, linanichoma. Uwanja mkubwa wa taifa hapa Dar, wenye njia ya tartani kuzunguka kiwanja, unaitwa Benjamin Mkapa. Mzee Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Jina ni la kwetu, lakini dogo wa Lupaso akitaka kujua tartani inakanyagwaje, asafiri zaidi ya kilomita 500. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba jina peke yake halikimbii.

Kwa nini linanigusa? Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili kule Newala. Anakimbia mita 100 na 200, na hapo shuleni kwao wavulana wengi wanauona mgongo wake. Likizo iliyopita mama akamuuliza mbele yangu, "Mwanangu, hizo mbio zitakulisha?" Dogo akaniangalia mimi, msomi wa familia, nimjibie. Mama hana kosa, ameona wangapi wakishangiliwa halafu wakarudi kubangua korosho? Swali lake ndilo swali la mwaka, na haliwezi kujibiwa kwa kumwambia mtoto "kaza tu".

Kwa hiyo napendekeza mambo, na yote hayahitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Moja, kila shule iwe na saa na daftari la mbio. Jina, umri, tarehe, muda. Likizi likifungwa kabatini baada ya mashindano, halina maana, lifike wilayani.

Mbili, kuwe na mbio za Masasi na Newala kila mwaka baada ya msimu wa korosho, pesa zikiwa bado mikononi mwa watu. Vyama vyetu vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vina majina yanayojulikana mpaka kijiji cha mwisho. Zawadi si lazima iwe gari. Mahitaji ya shule na viatu vya spaiki vinatosha kabisa. Tunajua kukusanyika, msitudanganye. Ndanda walipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, mkoa mzima ulikuwa na timu. Na mwaka 2019 mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika Mtwara. Kupokea wageni tunaweza, tushindwe kulea wa kwetu?

Tatu, wanaofanya vizuri wapewe njia ya kwenda mbele: shule zenye walimu wa michezo, JKT, timu za majeshi, na huku vyuoni. Mennea aliweka rekodi kwenye mashindano ya wanachuo, sisi TUSA tunaiona ni safari ya kwenda kutalii. Tubadilike kidogo.

Kuna atakayesema, "Tanzania tuwekeze kwenye mbio ndefu tu, huko ndiko tunakoshinda." Nakubali tusiziache. Ila mkumbuke Septemba 2025, Tokyo. Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, dhahabu ya kwanza ya Tanzania ya mashindano yale ilipatikana kwa mtu kuwasha moto kwenye hatua za mwisho. Fainali ya mita 100 ya wanaume ya mashindano hayo hayo haikuwa ya karibu hivyo! Kwa hiyo hata huko kwenye mbio ndefu, kasi ndiyo iliyosema neno la mwisho. Ndugu yangu wa Singida, hilo nalo ulitafakari.

Mimi nimeshaamua. Likizo ijayo nanunua saa mbili za kupimia, bumu likitoka lakini, na nazunguka shule tatu nitakazoruhusiwa, nipime mita 100 na 200, wavulana na wasichana, niandike majina, na orodha niipeleke kwa afisa michezo. Watu wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu mlioko vyuoni, kila mmoja akifanya shule tatu tu, tutakuwa na orodha ambayo Kusini haijawahi kuwa nayo. Anayetaka tushirikiane anitafute, mnajua ninapokaa.

Na mama nitamjibu hivi: bado sijui kama zitamlisha, mama, lakini safari hii tutapima kwanza kabla ya kumwambia aache.

Nawakilisha. Ngoja nirudi kwenye msuli, kudisko si mchezo.